Mpingo: samani na vinyago visitishwe, ubaki wa ala za muziki tu?

Mleta hoja, Arusha: Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Kwa kuwa klarineti na zumari, ala za kupuliza, huuzwa ghali sana, napendekeza kila gogo liende huko. Vinyago na samani vitumie mbao nyingine. Karibuni tujadili.

Mchongaji, Kijenge: Napinga, ndugu. Kipande cha kutengenezea klarineti ni kama sentimita 4 kwa 4, urefu 25 hadi 30, nyuzi zimenyooka, bila fundo, bila ile sehemu nyeupe ya nje. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kukikataa, maana pumzi yenye unyevu ikipita ndani kila siku, ufa hufunguka. Sasa mpingo wenyewe umepinda, una mifereji, na mara nyingi moyo umeoza kwa sababu ya moto wa nyika. Kinachofaa kwa ala mara nyingi hakifiki sehemu ya kumi ya gogo. Hizo tisa unazipeleka wapi? Mchongaji hufuata pindo la mti kama lilivyo, na ule weupe huuacha makusudi pembeni mwa kinyago.

Seremala, Moshi: Kwa vinyago nakubaliana nawe. Kwa samani, tuwe wakweli: meza nzima ya mpingo ni uharibifu. Mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 1,200 au zaidi, hivyo ubao wa juu wa meza ya mita 1.8 kwa 0.9, unene sentimita 2.5, peke yake ni karibu kilo 50. Tena mbao pana hazipatikani, utaunga vipande vingi.

Mahali pake ni urembo: vishikio vya droo, na mistari myeusi ndani ya mninga au mkangazi. Kipande cha kilo moja, hata msumeno ukila nusu yake, kinatoa zaidi ya mita 12 za mistari ya milimita 3 kwa 10. Hayo ni makabati kadhaa!

Ila lazima ujue kuifanyia kazi. Mbao ina mafuta, gundi nyeupe huachia baada ya miezi. Piga msasa, futa kwa asetoni, subiri ikauke, kisha paka gundi ya epoksi saa ileile, kabla mafuta hayajapanda tena juu. Bana kwa kiasi, ukikaza mno gundi yote inakimbia. Skrubu bila kutoboa kwanza hukatika shingo au hupasua ubao. Na vaeni barakoa, vumbi lake linawasha ngozi na kubana kifua.

Kosa kubwa kuliko yote liko kwenye kukausha. Gogo likikatwa, pande zote mbili za mwisho zipakwe nta siku hiyohiyo, maana maji hutoka upesi huko kuliko ubavuni, na hapo ndipo nyufa huanzia. Panga kivulini kwa vijiti katikati, uache miaka miwili au mitatu. Anayeanika juani anatengeneza kuni.

Mleta hoja, Arusha: Lakini mzee, abunusi ilitumika kwa samani tangu Misri ya kale.

Seremala, Moshi: Kweli, na mbao nyeusi ya mafarao ilikuwa mpingo huu. Abunusi ya makabati ya kale ya Ulaya ni mti mwingine, jamii ya Diospyros, uliotoka India, Sri Lanka, Mauritius na Madagaska. Wateja wanachanganya, na wauzaji wanafaidika. Kinyago kinachodaiwa kuwa mpingo kifute chini kwa spiriti: kama ni mbao nyingine iliyopakwa rangi ya viatu, rangi itabaki kwenye kitambaa.

Mama Kitalu, Moshi: Mnagawana mti ambao hampandi. Marehemu Sebastian Chuwa na James Harris wa Texas walianzisha mradi wa kupanda mpingo hapa mwaka 1996, kwa hiyo miche inawezekana. Panda tambarare, chini ya mita 1,300 hivi. Arusha mjini ni juu mno kwake. Unataka jua kamili. Palilia misimu mitatu ya mwanzo, maana nyasi ndefu hudumaza mche kisha huleta moto. Mti ukikatwa, linda machipukizi ya mizizi dhidi ya mbuzi, yanakua kwa kasi kuliko mche wa mbegu.

Mchongaji, Kijenge: Mama, sawa kabisa. Nami naongeza: tangu 2017 mpingo uko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, hivyo karatasi ni lazima. Masalia ya viwanda vya ala yapimwe kwa kilo, yapewe risiti na hati ya kusafirishia kama gogo lenyewe, yaje Arusha na Moshi kihalali. Yakichomwa kule porini, mchongaji hapa atanunua gogo la usiku, la magendo.