Afisa taarifa za ndege: rubani akiuliza "naruhusiwa kutua?" ajibiwe nini?

Msomaji_Anga:
Wakuu, naomba ufafanuzi. Kiwanja hakina mwongozaji ndege, kuna afisa taarifa tu. Rubani yuko karibu kutua na anaomba ruhusa. Ajibiwe nini? Na makosa ya kazi hii hutokea wapi zaidi?

Masafa:
Mkuu, asijibiwe "ndiyo" wala "hapana". Ruhusa ni ya mwongozaji. Afisa hutoa habari, rubani ndiye anayeamua. Jibu linakuwa hivi: "Njia 09 iko huru, upepo nyuzi 120, noti 20, kuna ndege moja ndogo kwenye mzunguko." (Njia ni ya kurukia na kutua, noti ni kipimo cha kasi, na mzunguko ni ule wa ndege kuzunguka kiwanja kabla ya kutua.) Gari la ukaguzi likiwa bado juu ya njia hiyo ya kutua, neno "huru" lisitamkwe kabisa. Sema gari lilipo na litatoka baada ya muda gani, naye ataamua kuendelea au kupaa tena.

Kosa baya zaidi ni "nimepokea" linalotamkwa kwa mazoea. Rubani anasema anatua njia 27, yaani lami ile ile kutoka upande wa pili, wakati wenzake wote wanatumia 09, afisa anajibu "nimepokea", na rubani anaelewa kuwa amekubaliwa. Hapo mrudishie habari nzima: upepo, njia inayotumika, na nani yuko upande wa pili akija.

Magari ni suala jingine. Kwa kawaida hayo unayaamuru wewe, yasiingie njiani bila idhini yako. Likiingia tu, weka kizuizi chekundu kwenye ubao wa vibanzi vya ndege (vipande vyenye taarifa za kila ndege), sehemu ya njia. Ukitegemea kumbukumbu, simu moja ikilia utalisahau.

Hektopaskali:
Naongeza kuhusu upepo na QNH, yaani kanieneo ya hewa ambayo rubani huiweka kwenye kipima-mwinuko. Upepo wa METAR, ripoti ya hali ya hewa ya kiwanja, hupimwa kwa kaskazini ya kweli na ni wastani wa dakika 10. Unaomsomea rubani anayetua ni wa kaskazini ya sumaku, wastani wa dakika 2, kwa sababu namba ya njia nayo imetokana na sumaku. Ukimsomea wa METAR ulivyo, penye tofauti kubwa ya sumaku utampotosha. Katika mfano wa Masafa, njia 09 inaelekea nyuzi 90, hivyo upepo uko nyuzi 30 kutoka kwenye njia, na hiyo ni nusu ya upepo: noti 10 za ubavuni. Kwa ndege nyepesi hizo si ndogo.

QNH hushushwa hadi namba kamili: 1009.8 husomwa 1009, ili kosa liangukie upande salama. Lazima rubani airudie, nawe usikilize kweli. Hektopaskali moja, kipimo cha kanieneo hiyo, ni kama futi 27. Akiweka 1013 badala ya 1003, atakuwa chini ya anavyodhani kwa karibu futi 270.

Msomaji_Anga:
Asanteni sana wakuu. Na ndege isipofika?

Masafa:
Usikae ukisubiri dakika 30 ziishe. Hizo ni kikomo: zikipita baada ya muda wa mwisho uliotajwa wa kufika, awamu ya mashaka, INCERFA, inatangazwa. Kabla yake ita redioni, omba ndege zilizo jirani ziite, pigia simu kiwanja ilikotoka na viwanja ambako ingeweza kugeukia. Mara nyingi imeshatua mahali na rubani amesahau kufunga mpango wa safari. Usipoipata, arifu kituo cha taarifa za anga cha eneo lako.

Jambo linalosahauliwa: kisanduku cha 19 cha mpango wa safari, chenye muda wa mafuta, idadi ya watu, vifaa vya kujiokoa na rangi ya ndege, kwa kawaida hakitumwi pamoja na mpango. Kinabaki pale ulipowasilishwa. Kwa hiyo simu ya kwanza kwa kiwanja cha kuondokea iombe pia kisanduku hicho, maana waokoaji watakuuliza hayo hayo kabla ya kuanza kutafuta.