Mtetezi wa kujitolea wa mtoto wa fosta: ukifika nyumbani unaangalia nini?

Jirani_Rhonda:
Habari zenu wana jukwaa. Ofisi ya watoto ya kaunti ndogo hapa Nakuru imenikabidhi mvulana wa miaka 10, gredi ya 4, anayekaa na familia ya fosta, yaani inayomlea kwa muda, huku kesi ikiendelea. Barua ya utambulisho ninayo. Ninachotafuta ni kazi yenyewe ilivyo: niende mara ngapi, niulize nini bila kumhoji mama mlezi kama askari, niandike vipi, na nifanyeje mtoto akiniomba viatu? Video za mtandaoni karibu zote ni za Marekani, na zinasema mtetezi huteuliwa na jaji. Kwetu pia ni hivyo?

Nyando_Juu:
Nianze na hilo la mwisho, linawachanganya wengi. Mpango wa Marekani ulianzia Seattle mwaka 1977, wazo la jaji David Soukup: raia wa kawaida anapewa mafunzo, anafuatilia mtoto, kisha anampelekea jaji ripoti yake mwenyewe. Wewe uko chini ya afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Ripoti ya mahakama ni yake. Wewe unamletea yale asiyoweza kuyaona akiwa mezani na rundo la mafaili. Kwa hiyo usipeleke karatasi kortini kwa mkono wako, na usimtishe mlezi kwa kumtajia hakimu.

Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kutumika 26 Julai mwaka huo, inatanguliza maslahi ya mtoto na inataka asikilizwe kulingana na umri na ukomavu wake. Wa miaka 10 anajua anachotaka, hata kama hatakipata. Mwandikie maneno yake kama alivyoyasema.

Kabla ya ziara ya kwanza, mwombe afisa akuonyeshe amri iliyomweka mtoto pale na muda wake, akwambie ni nani anaruhusiwa kumwona, na akupe tarehe ya kesi kutajwa tena. Hiyo tarehe ndiyo muhimu kuliko zote. Maelezo mazuri yakifika wiki moja baada ya kesi kutajwa hayamsaidii mtu. Yafikishe angalau siku kumi kabla.

Mama_Gredi_Nne:
Kuhusu ziara: wiki ya kwanza nenda, kisha kila wiki mbili kwa miezi mitatu, halafu mara moja kwa mwezi mambo yakitulia. Afisa akikupa ratiba yake, fuata hiyo. Nenda kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, mtoto akiwa ametoka shule na chakula kikiwa jikoni. Jumamosi asubuhi pia ni nzuri. Ziara zote zikiwa za kupiga simu kwanza, utakuta nyumba imepigwa deki na mtoto amevaa nguo ya Jumapili. Mweleze mama mlezi tangu mwanzo kwamba nyingine zitakuwa za ghafla, ili asione umemvizia.

Ongea na mtoto peke yake lakini mahali mnapoonekana: barazani, uani, mlango ukiwa wazi. Usiulize "unapendwa hapa?" Atajibu ndiyo, wote hujibu ndiyo. Uliza siku yake. Jana jioni mlikula nini, na nani alipakua? Unalala na nani, upande gani? Nani anakuamsha? Ukiumwa na tumbo usiku unamwita nani? Anayejibu haraka kwamba anamwita mama fulani amekwambia mengi. Anayesema "nangoja kuche" pia amekwambia.

Kisha linganisha na watoto wengine wa nyumba hiyo, kwa sababu umaskini wa familia si kosa la mtu ila ubaguzi ni kosa. Wote wakilala chini kwenye godoro moja, andika kwamba wanahitaji godoro. Wakilala kitandani naye peke yake akalala jikoni, hilo ni jambo jingine kabisa. Kazi za nyumbani vilevile: kuosha vyombo kwa zamu ni malezi. Kuchota mitungi ya lita 20 kabla ya shule wakati wenzake wanakunywa chai si malezi.

Shuleni, onana na mwalimu wa darasa ofisini, bila beji shingoni, na mtoto asiitwe kutoka paredi. Darasa zima likijua ni wa fosta, wewe ndiye uliyemtangaza. Angalia rejista ya mahudhurio, na uliza kama jina la shuleni linalingana na la cheti cha kuzaliwa. Majina yanayotofautiana husumbua sana wakati wa kusajiliwa KPSEA, mtihani wa gredi ya 6. Kama cheti hakipo, mwambie afisa sasa. Usajili wa kuchelewa hutaka barua ya chifu na ushahidi wa kuzaliwa kama kadi ya kliniki, na mtoto ambaye wazazi wake hawapatikani kwa urahisi huchukua muda zaidi.

Kalamu_ya_Bondeni:
Kuandika: daftari moja kwa mtoto mmoja, na juu usiandike jina lake bali namba ya faili. Kila ziara iwe na tarehe, saa ya kufika na ya kuondoka, uliyoyaona, aliyoyasema, na nani atafanya nini kufikia lini. Maoni yako yakae chini, peke yake. "Mtoto ana huzuni" haimsaidii afisa. "Hakumaliza ugali, alikaa ameinama, alijibu 'sijui' kwa karibu kila swali" inamsaidia, na mwezi ujao ataweza kulinganisha.

Viatu: usinunue. Najua ni roho ngumu. Ukinunua leo, kesho utaletewa habari ya sare, mama mlezi ataanza kukuona mfadhili, na mtoto atajifunza kwamba anayeonyesha shida ndiye anayepewa. Pima mguu, andika saizi, mpelekee afisa, ambaye anajua mashirika na makanisa yanayotoa. M-Pesa kwa mlezi ni mwiko pia. Picha usipige, na kwenye grupu la WhatsApp usitaje hata mtaa. Kuna sababu kesi za watoto husikizwa faraghani.

Usimwahidi kitu kuhusu mama yake. "Utarudi karibuni" ni ahadi. "Sijui, lakini nitamuuliza afisa na nitakuja kukuambia Jumamosi" unaweza kuitimiza.

Jambo moja halingojei daftari. Akikuambia amenajisiwa au ukashuku hivyo, hospitali ni ndani ya saa 72, mapema ndivyo bora, ili apate dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Asiogeshwe, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Mpigie afisa au 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Polisi watakupa namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio, na fomu ya P3 ya kujazwa na daktari. Usimhoji mtoto mara mbilimbili, na kikao cha kusuluhisha kwa mzee wa mtaa ukikatae.

Jirani_Rhonda:
Asanteni sana. Mawili tu: mtoto akishaonana na mama yake mzazi anakojoa kitandani siku mbili tatu, na mlezi anataka ziara hizo zisimame. Tena Desemba familia inapanga kwenda ushago Busia.

Nyando_Juu:
Kukojoa baada ya ziara peke yake hakuonyeshi kwamba ziara ni mbaya. Ameagana na mama yake tena, na mwili unasema. Andika tarehe za ziara na tarehe za kukojoa sambamba, mwezi mzima, afisa aone mfuatano. Ziara ikiwa Jumapili jioni, pendekeza ihamie Jumamosi asubuhi, abaki na siku moja ya kutulia kabla ya shule. Ombeni karatasi ya plastiki ya kutandika godoro, asizomewe wala kufuliwa shuka mbele za watu. Kusimamisha ziara si uamuzi wa mlezi wala wako. Mtoto akiendelea kukojoa kwa wiki kadhaa hata bila ziara, apelekwe kliniki, huenda ni ugonjwa wa njia ya mkojo.

Busia: mlezi amjulishe afisa kwa maandishi mapema, mwezi kabla ni vizuri, aseme kijiji, mwenyeji, siku za kwenda na kurudi. Kuvuka mpaka hata kwa mazishi ya siku moja upande wa Uganda usiruhusu kwa mdomo; kumtoa mtoto nchini kunahitaji idhini rasmi. Uliza pia kama mtoto mwenyewe anataka kwenda, na kama hataki, anabaki na nani. Mara nyingi jibu huwa "jirani", na jirani huyo hakuna aliyemchunguza. Likizo hiyo usiruke ziara: hakuna chakula cha shule, hakuna mwalimu wa kumwona kila asubuhi. Wakisafiri, mwombe afisa awasiliane na mwenzake wa huko mtoto atembelewe angalau mara moja.