Speedy ya Louis Vuitton ya mtumba: nikague nini kabla sijatuma hela?

binti_katubuka: Habarini wadau. Mimi nipo Kigoma, mkoba uko Dar kwa dada mmoja anayeuza mitumba ya majuu. Ni Speedy 30, anataka 650,000 na hashuki. Kanitumia picha nne WhatsApp. Mbele safi, ila nyuma zile herufi LV zimekaa miguu juu kichwa chini! Mishikio imekuwa ya kahawia kama chai ya rangi. Yeye anasema "haujatumika sana". Nitume au nikimbie?

muuza_mikoba_Mwanga: Mdogo wangu, kwa herufi usikimbie. Turubai la Speedy ya monogramu, yaani hiyo yenye herufi LV, ni kipande kimoja, kinapita chini ya mkoba na kupanda upande wa pili, kwa hiyo upande mmoja lazima zipinduke. Zikisimama wima pande zote mbili ndipo uanze kuuliza maswali.

Mimi huanzia kwenye mishikio. Ngozi ile haitiwi rangi. Ikiwa mpya imepauka, halafu jua na mikono vinaikoleza mpaka inafanana na asali. Huo ni uzee wa heshima. Ninachokikataa ni weusi pale pa kushikia: jasho na mafuta ya kupaka, yamezama, hakuna sabuni ya kuyatoa. Mwambie aupinde mshikio akupigie picha upande wa ndani. Ukiona nyufa, imekauka hiyo, siku ukibeba kilo mbili za sukari unabaki nao mkononi.

Kisha turubai pale mishikio iliposhonewa. Ni pamba iliyopakwa plastiki, na likishapasuka halizibiki.

Na harufu jamani! Picha hainuki. Mwaka 2019 bero lilifunguliwa hapa sokoni Mwanga, nikanyakua mkoba wa jina kubwa la Kiitaliano, nje unang'aa kama kioo. Sikuingiza hata mkono ndani, niliogopa mwenzangu ataniwahi. Bitana yake ilikuwa ya plastiki. Masika moja tu ikaanza kunata, kila noti niliyotoa ilikuja na vipande vyeusi kama masizi. Speedy hiyo bitana yake ni kitambaa cha pamba, kwa hiyo haitanata, lakini ukungu inashika. Ukisikia vidonge vya nondo vinanuka sana, ujue kuna kitu kinafichwa.

fundi_viatu_Ujiji: Dada kamaliza. Zipu isikutoe roho, hiyo nabadilisha. Kona za ngozi zikikwaruzika nazo tunazishona. Omba na picha ya namba ya ndani: herufi mbili, tarakimu nne. Kuanzia 2007, tarakimu ya kwanza na ya tatu ni wiki, ya pili na ya nne ni mwaka. 2181 ni wiki ya 28 ya 2011. Mwaka 2021 waliacha namba, wakaweka chipu. Namba inakupa umri tu. Wanaofoji nao wanajua kugonga mhuri.

binti_katubuka: Asanteni sana. Namba imekuja haraka: wiki ya 14 ya 2009. Miaka yote hiyo na "haujatumika sana"? Nikaomba mshikio kwa ndani, na pale uliposhonewa. Tiki mbili za bluu tangu jana mchana, na asubuhi hii kapandisha mkoba uleule status, kwa picha zilezile nne.