Tuzo za wasanii huru halafu fomu inadai barua ya lebo? Watu wa kamati njooni mjibu

Mbukwenyi wakuu. Naandika nikiwa na hasira kwahiyo mtanivumilia, na mods naomba msiuhamishie huu uzi kule kwenye umbea maana sio umbea.

Nina kistudio changu Nkuhungu hapa Dodoma, narekodi vijana wasio na lebo, wenye hela wanalipa papo hapo, wengine mpaka wauze alizeti. Kuna kundi moja la Chamwino niko nalo muda sasa, wanapiga ilimba (ile ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba) na zeze halafu chini tunalaza biti, sio singeli sio amapiano, ni kitu chao kabisa. Basi zikatangazwa tuzo za kitaifa za wasanii huru (sitaji jina, wanaofuatilia wanazijua), tukasema hii sasa ndo yetu.

Ngoja nianze na fomu maana kichekesho chenyewe kiko hapo. Jina la lebo ni lazima, usipojaza haiendi mbele. Tukaandika HATUNA, ikapita, chini yake ikadai barua ya menejimenti yenye mhuri. Sasa jamani msanii huru ni nani kama sio huyo asiye na hao watu?? Ikabidi niende kwa fundi mihuri pale Sabasaba akanichongea, na kundi likawa na menejimenti kabla chai haijapoa. Kamati ikapokea, hakuna aliyeuliza chochote.

Kura nazo ni kwa linki, na kule kijijini wazee wanaoujua huo muziki vizuri kuliko jaji yeyote wana simu za kitochi. Hilo naliruka, nikilianza hatumalizi leo.

Wakateuliwa. Ukaja ujumbe: mfike Dar kwa gharama zenu, na mkiweza mje na akina mama wa muheme watapendezesha mapokezi. Nauli ya SGR daraja la kawaida ni elfu 31 kwa kichwa, hapo kwenda tu, sasa piga hesabu vijana saba na wamama wanne na kulala. Tukachangishana. Wamama wakafika wakawekwa getini. Wasiojua, muheme kwa Wagogo ni ngoma ya wanawake, anaibana katikati ya miguu anapiga huku anacheza, sio kazi ndogo, na hawa ni watu wazima. Wamepiga kuanzia jua halijazama mpaka mgeni rasmi anaingia, kiti hakuna, wakipumzika wanakaa kwenye ukingo wa barabara na ngoma zao mapajani, na kuna kijana ana kitambulisho shingoni anapita anawaambia "mama simameni kamera hiyo". Mgeni rasmi alipoingia wakaambiwa asanteni, ndani pamejaa.

Na msinijie na "unalia kwa sababu mmekosa". Wameshinda! Kipengele cha asili wameshinda wao. Wameitwa, wamepanda, wamepewa, wameshuka, yote hayo tivii inaonyesha tangazo la mafuta ya kula. Kule Chamwino watu walikuwa wamejaa kibanda umiza, mwenye kibanda kakataa kuweka mpira siku hiyo, wakaona mafuta ya kula. Matangazo yakaisha, akatokea msanii mmoja mkubwa mwenye lebo na mabaunsa, akapiga nyimbo tatu mfululizo kwenye usiku wa wasanii HURU. Vijana wamerudi na tuzo mkononi na bado kuna watu wanawauliza kama kweli walikwenda.

Hela ya zawadi nayo wanasema inaingia kwenye akaunti ya kampuni tu. Kampuni gani bhana?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huu muziki sio wa kubahatisha. Marehemu Hukwe Zawose katokea hukuhuku Dodoma, kijiji cha Doda, ilimba yake ilimfikisha mpaka Real World, lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza, akafariki 2003. Mwaka 2024 binti yake na mjukuu wake, The Zawose Queens, wametoa albamu kupitia haohao Real World. Yani mzungu anaiweka kwenye albamu, sisi tunaiweka getini ipokee magari. Hata enzi za tuzo za muziki za Kili, zile zilizoanza 1999, kulikuwa na kipengele cha wimbo wa asili ya Kitanzania, kwahiyo msituambie hili ni jambo geni mnalijifunza.

Halafu kwanini kila siku Dar? Australia wana tuzo zao za muziki huru, AIR Awards, toka 2006, na miaka hii wanazifanyia Adelaide, sio Sydney wala Melbourne. Hapa serikali imehamia, Bunge lipo, treni ipo, ukumbi wa Jakaya Kikwete upo na chama kinajaza mikutano yake mikuu mle, ila tuzo ya msanii wa mkoani lazima ikafanyiwe pembeni ya bahari. Sawa, labda wadhamini hawapendi vumbi.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika "shukuruni mmepata". Ndugu, tumeshukuru sana, tumeshukuru mpaka tuna madeni.

Kuna kitu kimoja tu nataka kwa sasa. Wakati wa lile tangazo kamera ukumbini zilikuwa zinafanya kazi, mimi nilikuwa nyuma ya fundi sauti naziona, na skrini kubwa ya mle ndani ilikuwa inawaonyesha vijana wakipokea. Kwahiyo video mnayo. Ipandisheni kwenye ukurasa wenu hivyohivyo ilivyo, bila kuihariri, haifiki hata dakika mbili. Na kama humu kuna mtu alifanya kazi upande wa kamera usiku ule, aje PM.