Tupeane uzoefu: kuishi miaka mingi na stenti ya tezi dume

Binti wa Pangani (mwanzisha mada)

Habari zenu, ndugu. Naomba waliowekewa stenti, yaani kijibomba kinachoishikilia njia ya mkojo ibaki wazi pale tezi dume iliyokua inapoibana, au wanaouguza mzee aliyewekewa, watueleze hasa miaka iliyofuata, kwa sababu habari za siku ya kuwekewa tunazisikia sana na zote huwa njema.

Baba yangu ana miaka 81, naishi naye Uingereza, na moyo wake ni dhaifu kiasi kwamba daktari wa usingizi hakukubali afanyiwe upasuaji. Alikaa na mpira wa mkojo miezi 14, akiugua maambukizi mara kwa mara, ndipo akawekewa Memokath, stenti ya koili, yaani waya uliozungushwa kama springi, ya nikeli na titani, inayotengenezwa Denmark. Hupitishwa maji ya moto ya nyuzi 55, ncha yake ikatanuka na kushika mahali pake. Siku ya kuitoa hupitishwa maji baridi, ikalegea na kuvutwa nje. Usiku ule baba alikwenda chooni mwenyewe, nami nikasimama nyuma ya mlango nikimsikiliza, machozi yakinitoka.

Miaka miwili alikaa salama. Wa tatu mkojo ukaanza kukatikakatika na kuwa na damu, tukaenda hospitali usiku, na muuguzi alikuwa ameshafungua pakiti ya mpira nilipomwonyesha kadi inayoeleza kwamba baba ana stenti. Mpira ukisukumwa humo ovyo unaweza kuing'oa stenti mahali pake, kwa hiyo walimtoboa chini ya kitovu na kuutoa mkojo huko. Eksirei ikaonyesha kwamba koili ilikuwa imeteleza kuelekea kibofuni. Ilipotolewa niliiona: imeshika ukoko wa manjano, ule unaouona ndani ya birika linalochemshia maji ya kisima. Aliwekewa nyingine, na sasa anapigwa picha hata akiwa hana maumivu.

Mzee wa Kilindini

Shukrani, binti yangu. Mimi niko Marekani, na marehemu kaka yangu aliwekewa UroLume mwaka 1999, ile ya wavu wa chuma ambayo ilikusudiwa ibaki humo maisha yake yote, nyama ya njia ya mkojo iote juu yake na kuifunika. Nyama iliota kweli, lakini haikukoma: iliingia katika matundu ya wavu mpaka njia ikaanza kuziba upya, na kila akikaa alihisi kuchomwa. Kuitoa kulichukua saa nyingi, waya zikikatwa na kuvutwa moja moja. Aina hiyo haiuzwi tena. Ninachosikitikia ni kwamba tulipoambiwa ni ya kudumu, tulielewa kwamba haihitaji kuangaliwa, na hatukurudi kliniki miaka sita.

Msafiri wa Muscat

Kwa mjomba wangu stenti ilikaa wiki tatu tu. Njia ilifunguka, ila kibofu chake kilikuwa kimeshachoka kwa kubana mkojo miaka mingi, hakikuwa na nguvu ya kuusukuma, akarudi kwenye mpira. Baadaye ndipo tukaelezwa kwamba nguvu ya kibofu ilipaswa kupimwa kwanza. Naomba kila mwenye mgonjwa aulize kipimo hicho kabla ya kukubali.

Mkulima, Tanga

Shikamooni wakubwa. Baba yangu hubadilishiwa mpira kila mwezi, na stenti hatujawahi kuelezwa. Je, niitafute?

Binti wa Pangani

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza uliza kama baba anaweza kuvumilia upasuaji wa tezi yenyewe, kwa sababu kwa mwenye moyo na mapafu mazima hiyo ndiyo njia ninayoiona bora, na madaktari wetu huku walituambia hivyo hivyo: stenti ni kwa asiyeweza kupasuliwa na ambaye kibofu chake bado kina nguvu. Ikiwa baba ni wa kundi hilo, ulizia pia nani atakayeikagua na nani atakayeitoa, na wapi, kabla haijaingizwa. Kadi ya baba yangu iko ndani ya mfuko wa kanzu yake, na nakala nimeibandika mlangoni mwa friji, pamoja na tarehe ya eksirei inayofuata.