Mjadala: Lubumbashi iendelee kukata parseli, au kwanza ihesabu watu na kazi zao?

MLETA HOJA, Kampemba

Ndugu zangu wa Lubumbashi, naleta hoja hii tuijadili: komini zetu (manispaa za jiji) zisimamishe kugawa parseli mpya, yaani viwanja vya kujenga, pembezoni mwa jiji mpaka zijue zina watu wangapi, na watu hao wanakula kwa kazi gani. Mimi naiunga mkono. Anayeipinga aje na sababu zake, asije na matusi wala ukabila.

Sensa ya mwisho ya nchi yetu ya Kongo ilifanyika mwaka 1984. Aliyezaliwa mwaka ule leo ana watoto wakubwa, na bado tunaishi kwa kukadiria. Wengine wanatuweka juu ya milioni 2, wengine wanataja milioni 3. Tofauti hiyo peke yake inatosha kuwa mji mwingine mzima. Utajengaje shule, utachimbaje visima, utapangaje soko, kama hujui watu wengi hivyo wapo au hawapo? Lakini parseli zinakatwa. Nenda Luwowoshi, nenda nyuma ya Kasapa, fuata njia ya Kasumbalesa: kila kiangazi vigingi vinasogea mbele, na maji ya REGIDESO, shirika la maji, yamebaki nyuma kabisa.

Jiji hili lilizaliwa kwa ajili ya kazi. Wabelgiji waliliweka hapa mwaka 1910 kwa sababu shaba ilikuwa hapa na reli kutoka kusini ilikuwa imefika. Union Minière, kampuni ya shaba ya wakati wa ukoloni, ilijua ina wafanyakazi wangapi, ikajenga kambi kwa idadi hiyo, ikapima posho ya unga kwa kichwa. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ikajenga nyumba za Waafrika Katuba na Rwashi kwa mpango wa miaka kumi uliokuwa umeandikwa. Ulikuwa mpango wa dhuluma, na lile eneo tupu lililoachwa makusudi kati ya mji wa Wazungu na mji wa Waafrika ni ushahidi. Siutamani hata kidogo. Nautaja kwa sababu nyumba na kazi vilihesabiwa pamoja. Tulipokataa dhuluma tulikuwa na haki. Kuiacha hesabu kulitusaidia nini?

Sasa tazameni kazi yenyewe. Mwaka 1986 Gécamines, kampuni ya madini ya dola, ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba, ikiwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000. Wengi wetu tulisomeshwa na mshahara ule, tulitibiwa kwenye hospitali zake. Mwaka 2003 na 2004 watu wapatao 10,000 wakaondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, kwa pesa za Benki ya Dunia. Leo nchi nzima inatoa zaidi ya tani milioni 3 kwa mwaka. Shaba imeongezeka zaidi ya mara sita. Hebu tembea kwenye avenyu yako uulize ni nyumba ngapi zina mtu mwenye mkataba wa kudumu mgodini. Anayepanga jiji kwa kutazama bei ya shaba atajenga barabara kwa ajili ya malori, na watu atawasahau.

MPIMA ARDHI, Annexe

Mleta hoja, nakuheshimu, lakini hoja yako itaumiza walewale unaowatetea. Nafanya kazi ya kupima ardhi huku Annexe, komini ya pembezoni, najua mambo yanavyokwenda. Komini ikifunga mlango, chifu anafungua wake. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya dola, lakini anayetafuta pa kulala haisomi sheria ile. Anamfuata anayemwonyesha kiwanja na kupokea pesa. Atapewa karatasi yenye muhuri na sahihi tatu, na mwenzake atapewa nyingine ya kiwanja hichohicho.

Nieleze jambo moja muone uchungu wangu. Kwenye plani barabara ina mita 12. Wa kwanza anajenga ukuta wake mita moja mbele ya boni (alama ya mpaka wa kiwanja), kwa kuwa hakuna anayekuja kukagua. Jirani wa pili anapanga ukuta wake ufanane na wa kwanza. Wa upande wa pili nao wanafanya vilevile. Miaka mitano baadaye gari la zimamoto halipiti, lori la mchanga linarudi kinyumenyume, na mvua za Januari zinageuza njia nzima kuwa mfereji. Na ile parseli kubwa iliyoandikwa "shule" imeshauzwa vipande sita.

Kwa hiyo mimi nasema tusisimamishe. Tukate, lakini tufungue kwanza barabara kwa greda, tuweke boni za saruji, tulinde viwanja vya shule na soko, ndipo nyumba zije. Watu hawangoji hesabu.

MAMA WA SOKO LA KENYA

Wababa, mmeongea udongo tu. Mimi nauza mboga na samaki wakavu Soko la Kenya, hapa komini ya Kenya. Binti yangu alinunua parseli mbali huko kwa kuwa ni bei nafuu, na sasa anaamka saa tisa usiku ili awahi bidhaa zinaposhushwa. Nauli ya kwenda na kurudi inakula faida ya ndoo nzima ya nyanya. Mvua ikinyesha taksibasi hazifiki kwao, anapanda pikipiki mbili. Siku nyingine analala hapa kwangu, watoto wanabaki na jirani.

Mnapopanga, ulizeni mtu analala wapi na anatafutia wapi. Mkiongeza kartie (mtaa) isiyo na soko lake, mmeongeza tu watu wa kusongamana hapa kwetu asubuhi. Na sisi wa sokoni tunalipa ushuru kila siku, kila siku! Pesa hiyo haijawahi kuturudia hata kwa mfereji wa maji machafu.

KIJANA WA KATUBA

Tuseme ukweli, jamani. Jiji limejaa kwa sababu ya wanaoshuka kwenye treni kila wiki kutoka Kasai. Wafungiwe njia kwanza, hesabu itafuata.

MWALIMU, Kasapa

Mdogo wangu, hapo uende polepole. Mwaka 1992 na 1993 jimbo letu la wakati ule liliwafukuza wana Kasai, familia zikalala stesheni za Likasi na Kolwezi miezi mingi zikisubiri treni, watu wakafa pale. Walikuwa walimu wetu, makarani, wauguzi. Ajira haikuongezeka baada ya hapo, ilipungua. Watu wanahama kwa sababu kwao hakuna kazi, kama babu zetu wengi walivyoletwa huku na Union Minière kutoka mbali. Anayekuja akiandikwa, tunajua wapi pa kuongeza darasa. Akifukuzwa atarudi kwa kujificha, na hapo ndipo hesabu inaharibika kabisa.

Narudi kwenye hoja. Mpima ardhi anasema watu hawangoji hesabu, na hilo ni kweli. Ila hesabu ya kupangia jiji haifanyiki mara moja ikaisha. Jimbo la Washington huko Marekani lina sheria ya mwaka 1990 ya kusimamia ukuaji. Ofisi moja ya jimbo inatoa makadirio ya watu kwa miaka 20 mbele, na haitoi namba moja: inatoa ya juu, ya kati na ya chini. Kila wilaya inayopanga kwa sheria hiyo inachagua namba yake humohumo kati ya ya juu na ya chini, inaigawa kwa miji yake, halafu inachora mpaka wa eneo ambalo mji utakulia. Baada ya miaka kadhaa wilaya kubwa zinarudi kupitia: ardhi iliyobaki ndani ya mpaka inatosha nyumba ngapi, inatosha ajira ngapi. Wakiona viwanja vya kazi vimegeuka kuwa vya nyumba peke yake, wanajua mapema.

Kinachonivutia ni hizo namba tatu. Burugumestre, yaani mkuu wa komini, akiwa na namba moja ataitumia kuombea pesa na hakuna atakayembishia. Akiwa na tatu, itabidi aeleze kwa nini amechagua ya juu.

MPIMA ARDHI, Annexe

Mwalimu, hao wana sensa kila miaka kumi, na mwenye kiwanja huko akivuka mpaka anasimamishwa. Sisi hatuna hata kimoja kati ya hivyo viwili. Tusiazime koti ambalo mikono yake inatupita.

MLETA HOJA, Kampemba

Hapo mmenigusa penyewe. Hesabu tunayo, ila tumeidharau. Ingia ofisi yoyote ya kartie. Kwenye meza kuna daftari kubwa lenye jalada gumu, limechorwa mistari kwa rula: avenyu, namba ya parseli, wanaume, wanawake, wavulana, wasichana, wageni wa nchi za nje. Mkuu wa kartie na watu wake wa avenyu wanalijaza, jumla inapanda komini, inapanda meya. Nimeliona la kwetu. Kuna avenyu ambazo namba ni zilezile mwaka baada ya mwaka, mtu amenakili tu bila kutoka nje. Lakini kuna nyingine zimejazwa kwa uangalifu, na aliyefariki amefutwa kwa kalamu nyekundu. Aliyezijaza anastahili kulipwa vizuri.

Katika mistari yote hiyo hakuna safu ya kazi. Tuongeze safu mbili tu: unatafutia nini, na unatafutia komini gani. Jibu la mama wa Soko la Kenya na la binti yake lingekuwa limeandikwa humo tangu zamani, na taksibasi zingejua pa kwenda. Fundi wa kuchomelea, mshonaji, muuza makala (makaa), dereva, mwenye duka la vocha: hao ndio ajira ya Lubumbashi, na kwenye karatasi za serikali hawapo. Jiji linatenga ardhi kwa kiwanda ambacho hakijaja, na fundi wa kuchomelea aliyeajiri vijana wanne anafukuzwa kandokando ya barabara kwa sababu hakutengewa mita hata moja.

MSTAAFU WA GÉCAMINES, Kamalondo

Wanangu, nimesoma yote. Nawauliza jambo moja: nani atalipa, na nani atawajibika?

Burugumestre anateuliwa, hatukumchagua sisi. Desemba 2023 tulipigia kura washauri wa komini, hiyo ni hatua, lakini anayeshika kalamu bado anatazama juu aliko aliyempa kiti. Atakwambia hana pesa, na kwa sehemu anasema kweli: katiba inatoa asilimia 40 ya mapato ya taifa kwa majimbo, nasi tunajua inavyochelewa na inavyokatwa njiani.

Pesa nyingine ipo lakini. Kanuni ya madini ya mwaka 2018 inagawa mrabaha, malipo ya migodi kwa dola, hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 komini au sekta ambako mgodi uko, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Rwashi ina mgodi ndani ya mipaka yake. Hiyo 15 ndiyo ingelipa wahesabuji, greda na boni. Ila tazameni kasoro yake: komini za Kamalondo, Kenya na Katuba hazina shimo la mgodi. Wachimbaji wanalala kwetu, watoto wao wanasoma kwetu, taka zao ziko kwetu, na kwenye 15 ile hatupati kitu. Hata daftari likijazwa vizuri, komini zenye watu wengi zitabaki bila pesa, na komini yenye mgodi itafungua ardhi mpya kwa kuwa ndiyo yenye greda. Ndiyo maana jiji linakimbilia nje.

MLETA HOJA, Kampemba

Papa, umetaja jambo ambalo hoja yangu haikuwa nalo. Basi naiandika upya, na washauri wetu wa komini waichukue hivi: komini isikate parseli mpya kabla ya kuonyesha hadharani daftari lake la mwaka huo pamoja na safu za kazi, na kabla greda halijapita na viwanja vya shule na soko havijawekewa boni. Hapo mpima ardhi amenishinda, namkubalia. Na jimbo litenge sehemu ya ile 25 yake igawiwe komini kwa idadi ya watu walioandikwa, kwa maana fungu la jimbo halina mpaka wa komini. Komini ikijua pesa inafuata daftari, itatoka nje kuhesabu.

MPIMA ARDHI, Annexe

Itatoka, na itaongeza watu hewa. Ukilipa kwa vichwa, vichwa vitazaliwa kwenye karatasi.

MWALIMU, Kasapa

Ndiyo, hatari hiyo ipo. Dawa yake ni kulinganisha. Shule zina orodha ya wanafunzi, vituo vya afya vina idadi ya chanjo za watoto kwa kila eneo la afya, SNEL, shirika la umeme, ina wateja wake. Kartie ikidai watoto 4,000 na kituo chake kimechanja 900, wanafunzi wangu wa chuo kikuu wanaweza kwenda kuhesabu avenyu chache zilizochaguliwa kwa bahati nasibu ndani ya wiki moja. Wapeni nauli na barua ya burugumestre tu.

MAMA WA SOKO LA KENYA

Mwalimu, wanafunzi wako wakija avenyu kwetu saa nne asubuhi watakuta vitoto na mbwa, watu wote tumetoka. Waje sokoni. Waje na kule stendi ya taksibasi, na kwa mafundi. Watuulize palepale tulipo tumelala komini gani. Wakianza na Soko la Kenya nitawazungusha mimi mwenyewe meza kwa meza, maana wakienda peke yao watu watadhani ni wa ushuru.