Arboretum des Barres kwa treni bila gari, nimpeleke mama au niache?

Mtoto wa Bi Mkubwa:
Habari zenu wadau mlioko Ufaransa. Bi mkubwa anakuja kunitembelea Paris mwezi wa tano na huyu mama ni mtu wa miti haswa, ukimwonyesha Eiffel atasema chuma tu hicho, ila akiona mti asioujua atasimama hapo mpaka umvute mkono. Nimeambiwa kuna Arboretum national des Barres, yaani bustani ya miti, kule Nogent-sur-Vernisson, mkoa wa Loiret. Gari sina. Kwenda na kurudi siku moja inawezekana? Kifaransa hajui hata bonjour, na magoti nayo si yale ya zamani. Aliyefika aniambie ukweli jamani, siyo yale mapicha ya kwenye matangazo.

Kaka wa Loiret:
Inawezekana kabisa mkuu. Treni unapandia Paris Bercy, siyo Gare de Lyon, steshen hizo ni majirani na watu wanapotea hapo kila siku. Chukua inayoelekea Nevers, mnapita Montargis halafu Nogent, kama saa moja na nusu hivi, ila hakikisha hiyo treni inasimama Nogent maana siyo zote. Kutoka steshen mtu mwenye miguu mizima anatembea tu, kwa bi mkubwa weka oda ya teksi mapema, kijijini pale usitegemee kukuta imepaki inakusubiri. Na beba msosi wenu. Majira ya baridi wanafunga kwahiyo mwezi wa tano uko salama, ila siku na saa za kufungua cheki kwenye tovuti yao kwanza.

Mpanda Mche:
Mwezi wa tano?? Mwanangu una bahati na hujui. Huo ndio mwezi wa Davidia, mti ambao Wafaransa wanauita mti wa leso, unaning'iniza majani meupe mawili mawili kila penye ua, upepo ukipita ni kama kamba ya kuanikia nguo. Na hadithi yake imetokea hapohapo Les Barres: padri mmoja mmisionari, Paul Farges, alikuwa China akatuma mbegu 37 kwa Maurice de Vilmorin mwaka 1897, zikapandwa, ikaota moja tu, tena mwaka 1899! Mche huo ukaja kutoa maua 1906. Mhadithie mama hiyo kabla hamjafika halafu ukifika uliza mapokezi Davidia iko upande gani, usizunguke kichwakichwa, eneo ni hekta 35.

Hao Vilmorin ni ukoo wa wauza mbegu. Aliyeanzisha hapo Les Barres ni Philippe André, alinunua shamba hilo 1821, akawa anapanda misonobari ya mbegu kutoka sehemu tofauti, Riga, Scotland, Corsica, anaipanga jirani jirani aone ipi inanyooka na ipi inapinda, maana zamani hizo msonobari ulionyooka ni mlingoti wa meli, ni pesa. Alipofariki serikali ikanunua sehemu ya shamba, 1866, nyingine ikabaki kwa ukoo, baadaye ikaweka na shule ya misitu. Mimi hapo ndipo ninapopapenda kuliko bustani za maua, kila mti ulipandwa kwa sababu ya swali fulani.

Dada Rangi Mbili:
Nyote mnamtamanisha tu, mama wa watu ana magoti! Nenda Chèvreloup, nayo ni bustani ya miti, iko ubavuni mwa Versailles, ni ya jumba la makumbusho ya viumbe la Paris, miti ipo kibao na mnarudi mapema mkapike.

Mpanda Mche:
@Dada Rangi Mbili Chèvreloup nzuri sikatai, ila ni kama hekta 200, magoti yapi hayo yatapumzika huko? Les Barres hamlazimiki kumaliza yote. Kuna sehemu miti imepangwa kwa bara, unatoka Amerika unaingia Asia, hiyo haihitaji Kifaransa. Kuna sehemu imepangwa kwa ukoo wa mimea, hiyo ruka kama mama hakusoma botania. Halafu kuna ya miti ya ajabu ajabu, iliyojikunja, iliyolala, inayoburuza matawi chini, wazee wanacheka sana pale. Na sekwoia, ile miti mikubwa ajabu ya Amerika, asiache kuigusa, gome lake linabonyea, ukilipiga ngumi mkono hauumi.

Mtoto wa Bi Mkubwa:
Hiyo ya mbegu 37 nimemsimulia kwenye simu sasa hivi, kauliza kama wanauza mbegu zake 😂 Nimemwambia mama uwanja wa ndege watatukamata. Basi ni Les Barres. @Kaka wa Loiret hiyo teksi niiite kutoka Montargis au mji wa Gien?

Kaka wa Loiret:
Jaribu Montargis kwanza, na uwaambie kabisa na saa ya kuwarudisha steshen.